Aliyoyasema Mtani Msibani

Jumatatu, 4 Novemba

Matanga yameanuliwa jana, leo nimerudi Ipuli. Mvua inatuzungusha tu. Wingu linatanda, tunaanua nguo, halafu linakwenda zake kunyesha kwa wengine. Nimegeuza daftari langu la vipimo vya wateja nianze kuandika kwa nyuma, maana nisipoandika nitampiga mtu, na atakayekuwa karibu atakuwa hana kosa.

Levina, mdogo wangu, amefariki Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba katika wodi ya wazazi. Jina la hospitali siliandiki. Nimeliandika mara moja hapa, kalamu ikatoboa karatasi. Alijifungua salama mtoto wa kike, saa kumi jioni. Damu ikaanza kutoka, ikatoka, ikatoka. Nesi alikuwa mmoja, akikimbia huku na huku. Daktari wa zamu, Sadiki, hakuonekana mpaka mdogo wangu alipokata roho, na tayari giza lilikuwa limeingia.

Asubuhi mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alituita ofisini, sisi na wakwe wa Levina pamoja. Akasema kwa upole, tena akiwa ameunganisha vidole vyake juu ya meza, kwamba marehemu alikuwa amenyweshwa dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, na hospitali isingeweza kufanya kitu. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Shemeji yangu Adriano na mama yake waligeuza shingo wakamtazama mama yangu, kwa sababu mama ndiye aliyemtoa Levina kijijini, ndiye aliyelala naye kwangu usiku wa kuamkia siku ile, ndiye aliyekuwa akimkanda mgongo.

Mama hakumpa mwanawe kitu zaidi ya uji. Najua, kwa sababu uji niliupika mimi na Levina aliumalizia mbele yangu.

Siku ya tatu baada ya maziko wakwe walikuja wakamchukua mtoto. Mama aliomba ampakate kidogo kabla hawajaondoka. Mama mkwe akajibu, "Mikono hiyo imeshafanya kazi yake." Nilikuwa na mwiko wa ugali mkononi. Namshukuru Mungu baba mdogo alinishika.

Jumamosi, 9 Novemba

Joto. Nimeshona suruali tatu za shule, zote nikafumua.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Leo nimejua jambo na sijui niliweke wapi.

Nashona barazani pa duka la Fatmabai, Kanyenye, mwaka wa tisa huu. Leo kaja dada mmoja anataka gauni lake libanwe kiunoni. Nilipoliona nikalitambua: ni sare ya sendofu moja kubwa ya mwezi uliopita, sherehe ya kumuaga bibi harusi, sare zote nilizishona mimi. Akanionyesha picha kwenye simu ili nione lilivyomkaa. Keki, maua, bibi harusi, na pembeni mwanamume wa suti ya zambarau ameshika maiki.

"Huyo ndiye Daktari Sadiki," akasema. "Usimuone daktari, hakuna MC kama yeye Tabora hii. Alituchekesha toka alasiri mpaka tukachoka."

Nikamuuliza ilikuwa tarehe ngapi. Akafikiri, akasema Jumamosi ya tarehe 26.

Gauni lilinianguka. Si kwa sababu ya daktari tu, bali kwa sababu nilimkumbuka Agnetha.

Agnetha ndiye nesi aliyekuwa zamu siku ile. Anakaa mtaa wetu huku Ipuli, na ni Mgogo wa Dodoma, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi. Asiyeujua utani huu aelewe kwamba ulianza zamani za misafara, babu zetu wakipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani, wakitoa vitambaa kama hongo ili waruhusiwe kuteka maji. Mpaka leo Mgogo ananiita mpagazi, namwita mla hongo, anaingia jikoni kwangu anabeba chumvi bila kuuliza. Na kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya asichoruhusiwa mtu mwingine. Anatukana, anamwigiza marehemu, analala kaburini, na watu wanacheka katikati ya machozi. Kumkasirikia ni aibu.

Siku ya maziko Agnetha alikuja amejipaka majivu. Akajilaza juu ya udongo wa kaburi kabla haujakauka, akapiga kelele: "Huyu nimemuua mimi na MC wangu! Mnamlilia nini? Nililieni mimi niliyebaki na muziki masikioni! Siondoki hapa mpaka nipewe kanga!" Tulicheka. Baba mdogo Hilari alicheka mpaka akajifuta macho. Mama naye alitabasamu, mara moja tu wiki nzima ile, akavua kanga aliyojitanda mabegani akampa. Agnetha akainuka, akaenda.

Nimemuua mimi na MC wangu. Alituambia mbele ya umati, sisi tukampa kanga.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda kwake asubuhi. Nimemuuliza waziwazi: ulimpigia daktari simu siku ile? Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso.

"Mtani," akasema, "ule ulikuwa msiba. Msibani watu husema lolote."

"Sikuulizi ya msibani. Nakuuliza ya wodini."

"Nina watoto wawili wanasoma, Apolinaria." Hakuniita mtani. Akaingia ndani na mchicha wake.

Namchukia. Mwoga kuliko panya.

Alhamisi, 21 Novemba

Fatmabai ameona nimeshona kola upande wa ndani. Akatoka nyuma ya kaunta, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia nimwambie. Nikamwambia yote. Yeye ni mtu wa maneno machache, hata wateja wanaoomba kupunguziwa bei huwa anawatazama tu mpaka wanalipa.

"Umekwenda hospitali kulalamika?" akauliza.

Nikamwambia nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza mfawidhi ana kikao, mara ya pili yuko safari, mara ya tatu kanipokea katibu wake akasema malalamiko yatashughulikiwa na kamati ya ndani. Nikauliza kamati ni nani. Akaniambia mwenyekiti wake ni Daktari Sadiki.

Fatmabai alicheka kwa hasira, kicheko cha puani. "Basi acha kwenda kumshitaki simba kwa simba. Kuna Ofisi Huru ya Malalamiko ya Afya, wamefungua tawi mwaka jana, njia ya stesheni. Haiko chini ya hospitali yoyote. Dada yangu walimsikiliza kwa habari ya jicho lake. Nenda kesho, cherehani nitakulindia."

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda. Nimerudi nimechefuka zaidi ya nilivyokwenda.

Mchunguzi anaitwa Recheli, msichana mwembamba wa miwani, wa kumzaa mimi. Amenisikiliza vizuri, hilo silikatai. Hajaitazama simu yake hata mara moja. Nilipomaliza nikamwambia, "Sasa mwanangu, mtamfunga lini?"

Akasema hawafungi mtu. Nikamuuliza kama watamfukuza kazi. Hawafukuzi, wanapeleka matokeo kwa baraza la taaluma ya madaktari na hao ndio wenye leseni. Fidia je? Hiyo ni mahakama.

"Sasa nyie kazi yenu nini?"

"Kutafuta kilichotokea na kukisema hadharani, mama. Na kuiambia hospitali nini irekebishe. Tunaweza kuita shahidi yeyote, hata mfawidhi, na lazima aje."

"Kwa hiyo mko upande wangu."

"Hapana," akasema. "Sisi si mawakili wako. Wala wa hospitali. Kama mama yako alimpa marehemu dawa, nitaandika hivyo."

Nilisimama nikachukua mkoba. Nimefika mlangoni ndipo nikajiuliza, kama naamini mama hana kosa, nakimbia nini? Nikarudi nikakaa. Lakini sikumsamehe, na hata sasa ninavyoandika sijamsamehe. Huru! Huru wa kunitukania mama.

Jumapili, 8 Desemba

Kijijini. Mvua imekaa sawa sasa, watu wanapanda tumbaku, kina mama wanauza uyoga barabarani. Nilikwenda kuomba wazee watoe ushahidi wa aliyoyasema Agnetha kaburini. Tulikaa sebuleni kwa baba mdogo, ndugu wanne wa ukoo. Nikasalimia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, nikaeleza.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, mtani akisema msibani hatupeleki mbele. Hayo yako toka kwa babu zetu. Leo ukimpeleka mtani barazani kwa maneno ya msibani, kesho nani atakuja kutuzika?"

"Baba mdogo, wanasema mama ameua."

"Nasikia wanachosema. Nina masikio."

"Na wewe unasema nini?"

Akatazama mvua. Wengine nao wakatazama mvua, utadhani haijawahi kunyesha. Nikagundua kwamba hawa, ndugu wa marehemu baba yangu, watu waliokula ugali wa mama yangu miaka yote, nao hawana uhakika. Nilimuaga mke wake tu, nikatoka bila kuaga wanaume. Waseme sina adabu.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama haendi tena kisimani asubuhi na wenzake. Anakwenda mchana, peke yake, jua likiwa utosini. Nimeambiwa na jirani, mwenyewe hakuniambia. Huku kwetu bibi kizee akishaitwa muuaji mara moja, jina la pili linalofuata tunalijua, na tunajua yanayofuata baada ya jina hilo. Nimemwambia ahamie kwangu Ipuli. Amekataa. Anasema akihama watasema amekimbia.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tulikwenda misa parokiani kijijini, kanisa limejaa mpaka nje. Wakwe walikuwa benchi la mbele yetu, mtoto amebebwa mgongoni na mama mkwe. Katikati ya mahubiri mtoto akageuza kichwa. Ana paji la Levina. Ana nyusi za Levina. Mama alinyosha kidole kimoja tu, hata hakumgusa, alikinyosha kama mtu anayemwonyesha mtoto ndege. Mama mkwe akahisi, akavuta kanga akamfunika mtoto uso mzima.

Mama alishusha mkono akauweka mapajani. Akaendelea kuimba. Mimi sikuweza kuimba. Nilikaa namuomba Mungu anionyeshe huruma yake mahali pengine, kwa sababu pale kanisani sikuiona. Ilipofika komunyo sikupanga mstari. Siwezi kumpokea Bwana na moyo uliojaa hivi.

Jumanne, 14 Januari

Recheli amepiga simu. Hospitali imejibu. Daktari Sadiki anasema alikuwa zamu ya kuitwa, maana yake anaruhusiwa kuwa nje ya hospitali mradi apatikane kwa simu. Na anasema hakupigiwa. Laiti angepigiwa, anasema, angeacha kila kitu.

Kwa hiyo sasa mwenye kosa ni mama yangu na Agnetha. Wakubwa wote safi.

Nikamwambia Recheli aende kampuni ya simu aone nani alimpigia nani. Akasema sheria iliyowaunda haijawapa nguvu hiyo, inahitaji amri ya mahakama. Nilikata simu kabla sijamtukana. Baadaye nikampigia tena, akapokea kana kwamba hakikutokea kitu, akaniambia ameshampata aliyerekodi video ya sendofu.

Jumatano, 22 Januari

Mvua siku ya nne mfululizo. Choo cha jirani kimetitia. Agnetha amepita mbele ya nyumba yangu na mwavuli, hakuchungulia jikoni. Chumvi yangu inakaa mpaka inaganda.

Jumamosi, 1 Februari

Hospitali imetuma ujumbe kijijini: katibu, katekista, na gunia la mchele. Wamesema tuyamalize kifamilia, marehemu apumzike, malalamiko yaondolewe. Baba mdogo aliwapokea, akawakalisha, na nilipofika nilikuta mazungumzo yamenoga. Katekista ananiambia kusamehe ni jambo la Kikristo. Nikamuuliza, wameomba msamaha wa nini? Akamtazama katibu. Katibu akasema, "Kwa yote yaliyotokea." Nikasema yataje.

Mama alikuwa amekaa mkekani anapepeta mahindi. Hakuulizwa na mtu. Akasema bila kusimamisha ungo, "Wanaume, rudisheni mchele huo. Wakiuacha, watu watasema nimeuza."

Baba mdogo akaona haya. Ni yeye mwenyewe aliyelibeba gunia kulirudisha garini.

Jumatano, 19 Februari

Wito umekuja. Kikao cha wazi, tarehe 13 Machi. Ameitwa mama, ameitwa daktari, ameitwa mfawidhi, ameitwa Agnetha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechoka mpaka vidole, lakini nitaandika yote leo kabla jua halijazama, kesho nitaanza kusahau maneno.

Ukumbi wa kukodi karibu na stesheni. Wasikilizaji watatu mezani: mwenyekiti ni mama mmoja wakili, wa pili daktari wa wazazi kutoka mkoa mwingine, wa tatu mwalimu mstaafu aliyechaguliwa kwa niaba ya wananchi. Watu walijaa, hata Adriano na mama yake walikuja wakakaa nyuma, mtoto wamemwacha nyumbani. Fatmabai kafunga duka, na saumu yake ya Ramadhani, akaja kukaa kando yangu. Baba mdogo alikuja na koti la suti. Sikumuuliza kaja upande wa nani.

Daktari Sadiki alitangulia. Ana sauti nzuri, yule shetani, utafikiri anakaribisha maharusi. Alisema anasikitika kumpoteza mama kijana. Alisema simu yake ilikuwa wazi. Recheli akaomba video ionyeshwe ukutani. Tukamwona kwenye suti yake ya zambarau, kisu cha keki mkono mmoja, mkono mwingine simu iko sikioni, ananyanyua kidole kama anayesema subiri. Recheli akauliza hapo anaongea na nani.

"Na wapishi," akasema. "Chakula kilichelewa."

Mfawidhi akafuata. Dawa za kienyeji, akasema, ni tatizo kubwa la vijijini. Daktari wa mkoa mwingine akamuuliza, "Mlipima nini mkajua alikunywa?" Akasema ilikuwa dhahiri. "Dhahiri kwa dalili ipi?" Mvua ikaangukia bati ghafla, kikao kikasimama, na mfawidhi akapata muda wa kunywa maji na kufikiri. Hata mvua ilinikera. Ilipopungua akasema jambo hilo lilisemwa na nesi wa zamu.

Wakamwita Agnetha. Alivaa sare yake nyeupe, imepigwa pasi mpaka inasimama. Alikula kiapo. Recheli akamuuliza kama alimwona marehemu akinywa dawa. Hakumbuki. Kama alimpigia daktari. Hakumbuki vizuri, siku ile ilikuwa na kazi nyingi. Kila akijibu alikuwa anamtazama mfawidhi. Nilitaka kuruka meza. Fatmabai alinishika mkono akaufinya mpaka ukaniuma.

Halafu mama. Alisimama na fimbo yake, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kijijini, polepole. Nilimtoa nyumbani. Alikunywa uji. Sikumpa dawa, hata ningetaka sijui dawa za uchungu, mimi watoto wangu wote nilijifungua bila dawa. Mwenyekiti akamshukuru, akamwambia akae.

Mama hakukaa. Akamgeukia Agnetha.

"Mgogo wewe," akasema.

Agnetha akainua uso. Nadhani ni mazoea tu, mtani akiitwa lazima aitike.

"Abee, mpagazi."

"Babu zetu walifika kwenu na kiu. Mkawaambia, hakuna maji mpaka kitambaa. Wakatoa kitambaa, wakapewa maji. Hamkuwahi kuchukua kitambaa mkamnyima mtu maji. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli."

"Mimi kitambaa nimetoa. Kanga yangu unayo. Nipe maji yangu."

Agnetha alianza kucheka, kile kicheko cha utani. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Wakili wa hospitali akasimama akasema mheshimiwa mwenyekiti, haya ni mambo ya mila, si ushahidi. Mwenyekiti akamwonyesha kwa mkono akae.

Agnetha akasema, anamtazama mama tu, "Mpagazi mkubwa wewe. Mnabeba mpaka mizigo isiyo yenu. Utue mzigo huo, mama. Si wako."

Mwenyekiti akainama mbele. "Bi Agnetha, umekula kiapo. Sasa tuambie bila utani."

Akasema. Hakusita tena mpaka mwisho, na hakumtazama mfawidhi tena. Alimpigia Daktari Sadiki mara damu ilipozidi. Alipokea, muziki unavuma, akamwambia, "Sista, mshikilie hapohapo, tunakata keki, nakuja." Akapiga tena, akapokea msichana, akasema MC yuko jukwaani. Akaendelea kupiga mpaka simu ikazimwa. Levina alikuwa anamuuliza, daktari amefika? Na yeye anamjibu, yuko njiani. Alimjibu hivyo mpaka Levina alipoacha kuuliza. Asubuhi aliitwa ofisini kwa mfawidhi, akaambiwa aandike dawa za kienyeji. Akasema hakuona dawa. Akaambiwa, "Wote wa vijijini wanakunywa, andika."

"Niliandika," akasema. "Nikaja msibani nikawaambia, mkacheka. Nikaona basi, Mungu ameshasikia."

Mwenyekiti akaomba video irudishwe pale kwenye keki. Tukatazama tena kidole kile kimenyanyuliwa. Hakuna aliyemuuliza daktari kitu. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha mkononi.

Tulipotoka nje nilikuwa bado nakiona kidole kile. Subiri. Mdogo wangu aliambiwa asubiri kwa kidole.

Nilimwona Agnetha kwenye ngazi. Sikujua nimkumbatie au nimzabe kofi, vyote viwili vilikuwa mkononi. Nikapita.

Ijumaa, 14 Machi

Sijashona.

Alhamisi, 27 Machi

Uamuzi umesomwa. Daktari aliitwa na hakwenda. Maneno ya dawa za kienyeji hayakuwa na msingi wowote, yaliandikwa kwa shinikizo. Marehemu angeweza kupona. Hospitali iweke daktari wa pili wa kuitwa. Hospitali iyafute maneno yake hadharani, mahali pale yalipoenea, mbele ya walioyasikia. Suala la daktari linapelekwa baraza la taaluma.

Angeweza kupona. Nilikuwa najua, lakini kuambiwa na mtu asiye upande wangu kumeniuma kwa namna nyingine. Nilimtafuta Recheli baada ya kusomwa. Nilitaka kumshukuru, kinywa kikatoa kitu kingine. Nikamwambia, "Jumamosi hii anasherehesha harusi, nimeona tangazo. Leseni anayo, maiki anayo. Nyie mmesema tu."

"Ndiyo mama," akasema. "Tumesema." Alikuwa amechoka, macho mekundu. Nikamwona kumbe naye ana hasira, ila yeye analipwa kuikalia.

Jumatano, 9 Aprili

Agnetha amehamishwa. Zahanati ya mwisho wa wilaya, barabara yenyewe masika haipitiki, aripoti ndani ya wiki. Barua inasema ni "mahitaji ya huduma". Watoto wake wako katikati ya muhula.

Nimekwenda kwake, nimemkuta anafunga vyombo kwenye boksi. Nikaingia jikoni nikabeba chumvi yake. Akaniambia, "Rudisha, mpagazi, hiyo nahama nayo." Nikamwambia hahami mtu. Tukakaa sakafuni tukalia wote wawili, halafu nikamshika mkono mpaka njia ya stesheni. Recheli aliandika lalamiko palepale, la kuadhibiwa shahidi, na jioni alikwenda hospitali mwenyewe.

Alhamisi, 17 Aprili

Uhamisho umesimamishwa mpaka hospitali ijieleze. Alhamisi Kuu leo. Nimepanga mstari wa kitubio, padri akaniuliza kama nimesamehe. Nikasema bado. Akasema sawa, njoo tena.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua zimeanza kuaga. Mfawidhi alikuja kijijini leo. Alitaka maneno yasomwe ofisini kwake, Recheli akakataa. Akataka yasomwe ofisi ya kijiji siku ya kazi, akakataa tena. Kwa hiyo baada ya misa alisimama nje ya kanisa, watu wote wapo, Recheli pembeni yake, akasoma kwa sauti ya chini. Baba mdogo akamwambia, "Huku nyuma hatusikii, daktari." Akasoma upya toka mwanzo. Marehemu Levina hakupewa dawa yoyote na mama yake mzazi. Hospitali ilisema uongo. Neno lenyewe lilikuwamo, uongo, nilimsikia akilimeza na kulitamka.

Kina mama waliomwacha mama achote maji peke yake mchana wa jua walikuja kumshika mkono, mmoja mmoja. Niliwatazama wote machoni. Sitasahau nani na nani.

Adriano alikuja wa mwisho, mtoto mikononi. Mama yake hakusogea, alibaki mbali anatazama viatu vyake. Shemeji akasema, "Mama, nisamehe," akamkabidhi mtoto.

Mtoto ana miezi sita. Alimtazama mama, akatazama kilemba chake, akamtafuta baba yake kwa macho, akaangua kilio. Alilia kwa nguvu zote, anajinyonganyonga, anasukuma kifua cha mama kwa mikono yote miwili. Watu wakaanza kusema oh, hajamzoea, mrudisheni. Adriano akanyosha mikono amchukue.

Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Mwache alie," akasema. "Mlimchukua hajajua kunililia. Sasa ananikataa, ni haki yake, hanijui. Lakini hapa hatoki."

Akamlaza begani, akaanza kutembea naye kuzunguka uwanja wa kanisa, na mtoto analia, na hakuna aliyethubutu kuwafuata.